Orodha Fupi ya Aurelia Kapinga

Aurelia Kapinga alirudi Mbinga akiwa na miaka thelathini na moja, na watu wengi wa kijijini kwao Mkumbi walidhani amerudi kwa sababu Dar es Salaam imemshinda. Hakujisumbua kuwasahihisha. Mama yake, Luisa, alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa shamba la kahawa akavunjika nyonga, na kati ya watoto wanne aliowazaa, Aurelia peke yake ndiye aliyekuwa na kazi inayoweza kubebwa kwenye begi. Basi akaibeba. Alipanga vyumba viwili mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kimoja cha kulala na kimoja cha kazi. Kila Ijumaa mchana alikwenda Mkumbi kukaa na mama yake, na kila Jumatatu asubuhi alikuwa mezani tena, sweta mwilini na chai ya tangawizi pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza daftari. Kulikuwa na mradi mdogo wa afya ya mtoto uliohudumia zahanati kumi na moja, nyingine huku juu kwenye baridi, nyingine kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Manesi waliandikisha kila mtoto anapozaliwa na kila chanjo anayopata, wakituma kwa simu. Kila Jumatatu mfumo alioujenga Aurelia ulitoa orodha ya watoto waliovuka miezi kumi na minane bila kupata dozi mbili za surua. Wahudumu wa afya wa vijiji waliichukua orodha hiyo, wakaenda nyumba kwa nyumba.

Chini ya mfumo huo kulikuwa na seva ya hifadhidata, ya zile za bure zinazotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengine kwa mshahara, wengine kwa mapenzi tu. Data zote zimo humo ndani, kwenye majedwali: jedwali la watoto, jedwali la dozi, jedwali la vijiji. Ukiiuliza seva ya namna hiyo swali, haikimbilii kujibu. Kuna sehemu yake ambayo kwanza hulichukua swali, hulipima, halafu huamua njia fupi ya kulijibu: ianze na jedwali lipi, iunganishe vipi, iruke nini. Wenyewe huiita optimaiza. Aurelia, akiwaeleza watu wasio wa kazi hiyo, aliiita kipangaji. Tangu chuoni alikuwa akiipenda sehemu hiyo kuliko zote, ingawa hakuwahi kuigusa. Aliisoma tu, kama mtu anavyopenda kusimama kwenye karakana ya fundi saa na kutazama.

Mwezi Machi aliweka toleo jipya la seva. Jumatatu iliyofuata orodha ilitoka kwa sekunde mbili badala ya arobaini, na ilikuwa fupi. Zamani ilikuwa na majina zaidi ya mia sita. Sasa yalikuwa mia tatu tisini na kitu.

Mratibu wa mradi, Clemence Nchimbi, alikuwa mwalimu mstaafu asiyependa kuonyesha furaha. Siku hiyo aliionyesha. Alizishika karatasi mkononi kama anazipima uzito.

"Wahudumu wetu wamefanya kazi," alisema. "Watu walitucheka tulipowanunulia baiskeli."

Aurelia naye alifurahi. Miezi miwili iliyotangulia kulikuwa na kampeni, redio ilitangaza, mapadre walitangaza. Ilikuwa inaingia akilini kabisa kwamba watoto wengi wamechanjwa. Clemence aliiandika habari hiyo kwenye ripoti ya robo mwaka na kuipeleka wilayani.

Katikati ya Mei ikaja simu kutoka kusini, njia ya Chiwanda. Aliyepiga alikuwa Hedwiga, nesi wa zahanati ya kule, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye hakuwa na kawaida ya kupiga simu bila sababu.

"Shikamoo mama," Aurelia alisema.

"Marahaba mwanangu. Nina swali, sijui kama ni la kijinga. Wale pacha wa Serafina umewaondoa?"

"Sijaondoa mtu, mama. Pacha gani?"

"Serafina wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Walikuwa kwenye orodha tangu Januari, nikawa nawafuatilia. Halafu majina yakapotea. Nikasema labda wamechanjwa zahanati nyingine. Jana nimepita kwake kwa mambo mengine, nikamuuliza. Hawajachanjwa popote. Hata mara moja."

"Nipe nusu saa," Aurelia alisema.

Aliwatafuta. Walikuwemo kwenye jedwali la watoto, Aidan na Eunice, umri miezi ishirini na mitatu, kijiji chao, jina la mama yao. Kwenye jedwali la dozi za surua hawakuwa na mstari hata mmoja. Akaitoa orodha upya, akawatafuta kwa macho, halafu kwa kompyuta. Hawakuwemo.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba amekosea mwenyewe. Alilisoma swali lake, lile ambalo mfumo huiuliza seva kila Jumatatu, neno kwa neno, kwa sauti. Halikuwa na kosa. Lilisema: chukua watoto wote, kila mtoto mwekee pembeni idadi ya dozi zake kama ipo, na kama haipo mwache hivyo hivyo na nafasi tupu, nafasi tupu ihesabu kuwa sifuri, sasa nipe wote ambao idadi yao ni pungufu ya mbili. Mtoto asiye na dozi alipaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha ya namna hiyo.

Seva hukubali kuonyesha mpango wake ikiombwa. Aurelia akauomba. Mpango ulikuwa mfupi, na katika mstari wa tatu aliona kitu kilichomfanya ainuke kwenye kiti. Yeye aliomba majedwali yaunganishwe kwa namna inayombakiza mtoto hata kama hana dozi. Kipangaji kilikuwa kimebadilisha, kikayaunganisha kwa namna inayomtupa kila asiye na mwenzake upande wa pili. Waliochanjwa mara moja walibaki kwenye orodha. Wasiochanjwa kabisa walitoweka.

Alikwenda dirishani. Chini, watu walikuwa wanapakia mabati kwenye Fuso, wakibishana kwa Kimatengo juu ya kamba. Akawatazama mpaka gari likaondoka. Halafu akarudi mezani, akaliandika swali lake upya kwa njia ya kuzunguka, ndefu na mbaya, ambayo kipangaji kisingeweza kuifupisha. Jibu lilichukua dakika nzima. Majina yalikuwa mia sita na arobaini na mawili. Kwa wiki kumi, watoto mia mbili arobaini na saba walikuwa hawafuatwi na mtu.

Alichapa orodha mbili, ile fupi na ile kamili, akaenda ofisini kwa Clemence.

Clemence alizisoma zote mbili. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Ripoti imeshakwenda," alisema.

"Najua, mwalimu."

"Niliandika kwamba tumepunguza karibu asilimia arobaini. Niliwataja wahudumu kwa majina."

"Najua. Kosa lilikuwa kwenye seva, lakini mimi ndiye niliyeweka toleo jipya, na mimi ndiye niliyeona orodha fupi nikafurahi bila kuihakiki. Hiyo ni yangu."

Clemence aliziweka orodha mezani. Angeweza kusema tungojee ripoti ijayo, tutajaza humo humo, nani atajua. Aurelia alilisubiri neno hilo, na alikuwa hajui angejibu nini. Badala yake mzee alivuta karatasi, akaanza kuandika barua ya kuifuta ripoti yake. Alipomaliza alimpa aisome, akamuuliza kama maelezo ya kitaalamu yako sawa. Yalikuwa sawa. Barua ikaenda siku hiyo hiyo. Lakini kwa wiki nzima baada ya hapo Clemence alimsalimia kwa kichwa tu, na Aurelia hakumlaumu.

Jumatano alishuka ziwani na orodha mpya kwenye bahasha, kwa sababu mtandao wa kule ulikuwa unasuasua na hakutaka kuutegemea. Barabara ya lami ya kushukia Mbamba Bay ilikuwa bado inamshangaza. Utotoni mwake safari hiyo ilikuwa ya siku nzima na kutapika. Sasa ndani ya saa mbili sweta lilikuwa limevuliwa na ziwa limetandaa mbele yake mpaka milima ya ng'ambo. Kutoka hapo alichukua bodaboda kwenda kusini.

Hedwiga alikuwa amemtengea meza na madaftari yake ya karatasi, ambayo hakuwahi kuyaacha ingawa aliambiwa hayahitajiki tena. Walilinganisha jina kwa jina. Kwa zahanati hiyo peke yake waliokosekana walikuwa arobaini na mmoja. Mara tatu Hedwiga aliweka kidole kwenye jina akasema, "Huyu alihama," au, "Huyu, Mungu amrehemu, alifariki kwa malaria mwezi wa pili." Wengine wote walikuwepo.

"Hiyo kompyuta iliwaona lakini haikuwasema," Hedwiga alisema.

"Iliwaona, mama. Ikadhani haina haja ya kuwasema."

Jioni bado iko mbali wakaenda kwa Serafina. Alikuwa anageuza usipa, vile visamaki vya ziwani, juu ya kichanja, mikono ikimeta kwa magamba. Mapacha walikuwa wanacheza na wavu uliochakaa. Alisikiliza maelezo ya Aurelia mpaka mwisho, kwa adabu, na Aurelia aliona kwamba hayamsaidii chochote.

"Mhudumu alikuwa anapita," Serafina alisema. "Mara ya mwisho ni kabla ya mvua kubwa. Nikamwambia nitakuja, kina baba walikuwa safarini na muhogo ulikuwa haujapandwa. Hakurudi, nikajua tumeachwa. Nikasema labda dawa imekwisha."

"Dawa ipo," Hedwiga alisema.

"Basi tunakuja Ijumaa."

Walikwenda Ijumaa kweli. Hedwiga aliripoti kwa ujumbe mfupi: pacha wote wawili wamechanjwa, Eunice amelia, Aidan hakulia. Kufikia mwanzoni mwa Juni wahudumu walikuwa wamewafikia zaidi ya watoto mia moja na themanini kati ya wale waliosahauliwa, na kule ziwani surua haikutokea mwaka huo. Aurelia hakutaka kusema waliwahi. Alisema walibahatika.

Hapo mambo yangeweza kuishia. Clemence, ambaye sasa alikuwa anaongea naye tena, alimuuliza, "Si limekwisha?"

"Kwetu limekwisha. Lakini toleo hilo liko kwenye kompyuta za watu wengi, mwalimu. Kuna mtu mahali fulani anauliza swali kama langu kuhusu wagonjwa, au wanafunzi, na anapata jibu fupi, anafurahi."

Kwa hiyo alianza. Kwanza alilipunguza tatizo. Kutoka majedwali yenye makumi ya maelfu ya mistari alifuta kidogo kidogo, akijaribu kila mara kama kosa bado lipo, mpaka akabaki na majedwali mawili tu, kila moja la mistari mitatu. Mtoto mmoja ana dozi mbili, mmoja ana moja, mmoja hana. Swali moja. Jibu lilipaswa kuwa watoto wawili, seva ilitoa mmoja. Alilituma kwenye jukwaa la watengenezaji wa seva, kwa Kiingereza kifupi, bila kueleza habari za ziwa wala za pacha.

Siku mbili baadaye alijibiwa na mtu aliyejiandika Wendelin. Aurelia alilitazama jina hilo kwa mshangao. Mkumbi peke yake aliwajua akina Wendelin wanne, mmoja akiwa mjomba wake, maana wamisionari waliacha majina yao kwenye kila ubatizo wa Umatengo. Baada ya kumjibu maswali yake alishindwa kujizuia, akauliza kama ni mtu wa Mbinga. Mtu huyo akajibu kwamba hapana, anaishi mji mdogo wa Austria, jina ni la babu yake, na kwamba ameifungua ramani akaitafuta Mbinga na kutumia robo saa akilitazama ziwa. Halafu akaandika: nadhani sehemu yenye kosa niliiandika mimi, miaka kumi na sita iliyopita.

Aurelia alishusha msimbo wa seva wote, maandishi yale yanayoiendesha, kwenye kompyuta yake na kuanza kuusoma. Ilimchukua wiki tatu, katikati ya kazi zake nyingine, kuelewa vizuri.

Kosa lilikuwa hivi. Kipangaji, kinapokutana na sharti kama "pungufu ya mbili", hujiuliza: je, sharti hili litamkataa aliye tupu, yaani mwenye nafasi tupu? Kwenye hifadhidata, tupu si sifuri. Ni kukosekana kwa jibu, na kisicho na jibu hakiwezi kusemwa kuwa ni pungufu ya chochote. Kwa hiyo mara nyingi jibu ni ndiyo, aliye tupu atakataliwa tu mwishoni, na kipangaji hufanya vyema kumtupa mapema na kuokoa muda. Lakini Aurelia alikuwa amesema wazi kwamba tupu ihesabiwe kuwa sifuri kabla ya kulinganisha. Sifuri ni pungufu ya mbili. Kipangaji kilipita juu ya maneno hayo kana kwamba hayapo.

Na ajabu ni kwamba swali hilo moja, je litamkataa aliye tupu, lilikuwa limeandikwa mahali patatu tofauti ndani ya msimbo. Watu watatu, miaka tofauti, kila mmoja alilihitaji, kila mmoja akaliandika kivyake. Miaka kumi iliyopita mtu fulani aligundua kosa hili hili, akalirekebisha mahali pawili, pa tatu hakupaona. Pa tatu palikuwa pa Wendelin. Pamekaa hivyo bila madhara kwa sababu kipangaji kilikuwa kinapafikia mwishoni, baada ya uamuzi kupita. Toleo jipya lilibadilisha utaratibu, pakawa panafikiwa mapema.

Wendelin alishauri wabadilishe mstari mmoja. Aurelia aliubadilisha, wakaukubali, na toleo la dharura likatoka baada ya wiki mbili na jina lake likiwa ndani, limeandikwa kwa usahihi. Kisha akaandika kwamba angependa kuondoa zile sehemu tatu na kuweka moja, ambayo wote watakuwa wanaiuliza.

Wendelin hakulipenda wazo hilo. Aliandika kwa upole. Sehemu hiyo imesimama miaka mingi, alisema. Mtu akianza kupanga upya nyumba ambayo watu wanaishi ndani, huvunja vyombo. Kosa limeshatibiwa. Kwa nini tuguse?

Aurelia hakubishana. Alichukua sehemu ya pili, ile iliyodhaniwa kuwa nzima, akaanza kuiuliza maswali ya kila namna, akibadilisha sharti moja moja. Siku ya nne aliipata inakosea: ukiiambia "kama tupu basi hivi, la sivyo vile" kwa maneno mengine kidogo, nayo ilimtupa aliye tupu. Sehemu ya kwanza ilijibu sawasawa. Kwa swali lile lile, nyumba ile ile ilikuwa na majibu mawili. Akaituma mifano hiyo miwili, mmoja juu ya mwingine, bila maneno mengi.

Mifano hiyo ilimchukua Wendelin siku tano. Kisha akaandika: jaribu, nitaipitia kazi yako.

Ilikuwa Julai, kahawa imeiva. Aurelia aliomba kufanyia kazi Mkumbi, akawa anakaa barazani na kompyuta mapajani, wakati mama yake akiwa kwenye kigoda kando ya vichanja, akichagua punje mbovu. Luisa hakuweza tena kupanda na kushuka kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, lakini hakuna aliyeweza kumtoa kwenye kahawa.

"Mbona unafuta tu?" alimuuliza siku moja kwa Kimatengo. "Kila nikikutazama unafuta."

"Kuna kitu kimeandikwa mara tatu, mama. Nataka kiandikwe mara moja."

"Kwani waliokiandika hawakuwa na akili?"

"Walikuwa nazo. Kila mmoja alifika kwa wakati wake, akakuta haja, akaandika. Hakujua mwenzake ameshaandika."

Luisa alitupa punje nyeusi pembeni. "Na wewe sasa unaandika cha nne."

Aurelia alicheka, kwa sababu hilo ndilo hasa Wendelin alilokuwa akiliogopa. "Nikikosea, ndiyo. Nikipatia, kitabaki kimoja."

Alikosea. Alipomaliza na kuendesha majaribio ya seva, ambayo ni maelfu, kumi na saba yaligoma. Alitumia siku nane kuyapitia. Kumi na sita hayakuwa makosa: mpango ulikuwa umebadilika sura tu, majibu ni yale yale. La kumi na saba lilikuwa kosa kweli, na lilikuwa lake. Masharti mawili yakiunganishwa kwa "na", inatosha moja limkatae aliye tupu ili yote kwa pamoja yamkatae. Yakiunganishwa kwa "au", lazima yote mawili yamkatae. Aurelia alikuwa ameyachanganya. Kama jaribio hilo lisingekuwepo, angekuwa amewatupa watu wengine kwa namna nyingine, kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anawaokoa.

Alikaa na jambo hilo mchana mzima bila kuandika kitu. Alimsaidia mama yake kufunika kahawa, ukungu ulipoanza kushuka. Kesho yake alirekebisha, kisha akaongeza majaribio mapya arobaini, mengi yakiwa ya "na" na "au", na katika moja aliandika majedwali yake ya mwanzo, watoto watatu, dozi mbili, moja na hakuna. Alimwandikia Wendelin na kumweleza kosa lake kabla hajaliona.

Mapitio yalichukua mwezi. Wendelin alikuwa msomaji mkali. Alimrudishia kazi mara sita. Alikataa majina, alikataa mpangilio, mara moja alikataa ukurasa mzima akisema ni sahihi lakini mtu wa baada yetu hataelewa. Mara hiyo Aurelia alikasirika, akafunga kompyuta, akaenda sokoni kununua mboga. Aliporudi aliusoma ukurasa ule kama mtu mwingine, akaona kwamba kweli haueleweki. Akauandika upya.

Mwishoni mwa Septemba kazi ilikubaliwa. Sehemu tatu zikatoka, moja ikaingia. Msimbo ulikuwa umepungua mistari mia mbili na kumi. Wendelin aliandika kwenye jukwaa, mbele ya wote, kwamba sehemu aliyoiandika akiwa na nywele imeondolewa na Aurelia Kapinga wa Mbinga, na kwamba hana huzuni. Kwa Clemence, Aurelia alisema tu kwamba imepita. Mzee alimpa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida yake.

Toleo lenye kazi hiyo lilitoka Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza Mkumbi, na watu walikuwa mashambani wakipanda mahindi. Jumamosi moja, karibu saa nne asubuhi, aliona ujumbe wa Wendelin wenye maneno matatu tu kwa Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: hii ni yako. Chini yake kulikuwa na barua ya mwanamke mmoja wa Ufilipino, mtunza data wa maktaba za shule. Alikuwa ameweka toleo jipya. Orodha yake ya vitabu, iliyokuwa ikitoka kwa sekunde tatu, sasa inachukua dakika tisa. Alikuwa ameandika kwa hasira.

Aurelia alisoma barua mara mbili na kuelewa kilichowezekana kutokea: mahali fulani sehemu yake mpya ilikuwa na tahadhari kupita kiasi, ilikuwa inabeba mistari yenye nafasi tupu ambayo kweli ingeweza kutupwa. Majibu yalikuwa sahihi. Yalikuwa yanachelewa tu. Angeweza kumwambia hivyo, na angekuwa hajasema uongo, lakini mwanamke yule alikuwa na shule zinazomngoja.

Alimwandikia kwamba pole sana, aliyebadilisha sehemu hiyo ni yeye, na angependa kuona mpango ambao seva inautoa sasa, na ule wa toleo la zamani kama bado anao. Akaingia ndani, akamsaidia mama yake kuvaa sweta, akamleta barazani kwenye kiti chake.

Alipoitazama tena kompyuta, mipango yote miwili ilikuwa imeshafika, na mwanamke yule alikuwa ameongeza mstari chini: asante kwa kujibu siku ya mapumziko. Aurelia akavuta kigoda, akaiweka mipango hiyo ubavu kwa ubavu, akaanza kuisoma kutoka juu.